JSTOR bila malipo: alichokipata fundi seremala wa Kibokoni

Kabla ya Ramadhani mteja alinijia karakanani akitaka kiti cha enzi, kile cha heshima cha Waswahili wa pwani. Cha mpingo, mgongo uliosukwa kwa uzi, na njumu nyeupe, vile vipande vya kupachikwa, kila ubavu. Pembe ya ndovu siigusi, hiyo ni marufuku, tukakubaliana mfupa wa ngamia. Marehemu babu alikuwa nacho kimoja, kikauzwa mimi nikiwa mdogo. Nilichobaki nacho kichwani ni pale pa kuwekea miguu, maana ndipo nilipokuwa nikikaa mimi.

Nikaanza na picha za mitandaoni. Kiti kile kile kimoja nilikikuta kimeandikwa cha Unguja, kwengine cha Lamu, kwengine cha India. Kimo chake hakuna aliyekitaja. Nikaenda maktaba moja hapa mjini Mombasa: kitabu kimo kwenye orodha, rafuni hakimo, na mara zote tatu nilizorudi hapakuwa na wa kunambia kilipo. Nikaingia Ngomeni, yaani Fort Jesus, nitazame samani za kale, lakini vitu vya makumbusho hutazamwa, havitolewi vikapimwa kwa futi ya seremala.

Ni binti yangu, anayesoma chuo, aliyenifungulia akaunti ya JSTOR. Ni hazina ya majarida ya kitaalamu, na watu wengi hapa wanadhani ni ya wenye vyuo peke yao. Sivyo. Unajiandikisha kwa barua pepe, hulipi kitu, na unaruhusiwa kusoma makala 100 kila siku 30. Kuzisoma tu lakini, papo hapo kwenye skrini. Kuzipakua ni hadithi nyengine.

Tulipotafuta kwa Kiingereza, viti vya wafalme wa dunia nzima vilitumwagikia. Binti akasema, "Baba, hebu tuandike kwa Kiswahili." Tukaandika "kiti cha enzi", na jarida la African Arts likatokea, na ndani yake makala ya mwaka 1989 ya James de Vere Allen, aliyepata kuwa msimamizi wa Makumbusho ya Lamu, juu ya viti vyetu hivi hivi. Wataalamu wa nje huviita vitu vyetu kwa majina yetu, kwa hiyo jina la Kiswahili ndilo ufunguo. Jaribuni pia tahajia za zamani: mahame ya Gede, mathalani, wengine huyaandika Gedi.

Makala ile nimeisoma siku nne, binti akinifasiria palipokuwa pagumu. Namwamini mwandishi kwa sababu alikaa na vitu vyenyewe. Hata hivyo sikuishia kwake, kwa kuwa asili ya mtindo ule bado inabishaniwa: kuna wanaoitazama Ureno, kuna wa Misri, kuna wa India. Makala moja ikikupa jibu moja, itafute ya pili.

Kwa vipimo nilikwenda kwenye tovuti ya British Museum ya London. Kitu kina ukurasa wake, na kurasa nyingi hutaja namba, mali iliyotumika, urefu na upana kwa sentimita, na njia kilivyofika huko. Hilo la mwisho mimi hulisoma kwanza. Picha isiyosema kitu kilitoka kwa nani siku hizi siitazami mara mbili. Ila picha zao si za kufanyia biashara bila idhini. Makumbusho ya Metropolitan ya New York, tangu 2017, wameziachilia picha za kazi zao zisizo na hakimiliki, hata ukitaka kubandika kwenye kibao cha duka.

Kasoro ya JSTOR ni kwenye simu. Makala za zamani ni kurasa zilizopigwa picha, herufi zinakuwa ndogo kama chungu, na bando linakwisha upesi ukizikuza. Mimi hukaa saibani, kwenye kompyuta za kulipia, muda wa saa moja na daftari, nikachora viungo kwa mkono. Tena mengi yako kwa Kiingereza, na fundi asiye na binti kama wangu atataabika. Naipa nyota nne.

Miguu ya mbele nimeshaichonga. Mgongo sijaugusa, kuna makala mbili zinazogusia usukaji nataka kuzimaliza kwanza.