Geocaching: kombolela niliyoikuta ukubwani

Programu hii niliipakua mwezi wa nne kwa ajili ya binti yangu wa miaka tisa. Shule zilikuwa zimefungwa, na mvua ya hapa Kent, jimbo la Washington, ilikuwa imetufungia ndani mpaka tukachokana. Leo nimeshapata vikopo 41, vingi nikiwa peke yangu asubuhi, nikitoka zamu ya usiku.

Mchezo uko hivi: mtu anaficha kikopo au boksi, anaweka namba za mahali pake mtandaoni, wewe unafuata ramani ya simu mpaka karibu. Ukikipata, unaandika jina lako kwenye karatasi iliyomo na kukirudisha pale pale. Ukichukua kitu, unaacha chenye thamani hiyo au zaidi.

Cha kwanza kilikuwa kwenye maegesho ya duka ninalonunua mchele kila wiki. Simu ikatufikisha kwenye nguzo ya taa, ikasema mita tatu. Tukazunguka ile nguzo, hamna kitu. Binti akachuchumaa, akashika lile bati linaloficha bolti pale chini, akalivuta. Kumbe linapanda! Ndani kuna kikopo cheusi cha mkanda wa picha, wa kamera za zamani, na karatasi iliyoviringishwa nyembamba kama utambi, majina yamejaa pande zote mbili. "Mama, kipo!" Miaka sita naegesha gari hatua chache kutoka hapo.

Mchezo wenyewe ulizaliwa jimbo jirani. Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuharibu kwa makusudi usahihi wa GPS ya raia. Habari hiyo haijapoa, tarehe 3 mwezi huo huo, mtu aitwaye Dave Ulmer akaficha ndoo karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza namba zake kwenye intaneti. Hata kopo la maharage lilikuwemo. Sasa vilivyofichwa duniani vimepita milioni 3.

Kila kikopo kina alama mbili, 1 mpaka 5: ugumu wa kukipata na ugumu wa njia. Ukiwa na mtoto anzia 1 au 1.5, asije akakata tamaa siku ya kwanza. Nenda na kalamu yako, vikopo vidogo havina nafasi ya kalamu. Chini ya miti mikubwa GPS inayumba mita kadhaa. Hapo tia simu mfukoni, tafuta kitu ambacho hakikukaa hivyo chenyewe, kama vijiti vilivyolazwa sambamba mno. Kujiunga ni bure, ingawa baadhi ya vikopo vinafunguka kwa wanaolipia tu. Mimi sijalipa bado na sijaishiwa.

Na mtu akikuuliza unatafuta nini kwenye nguzo ya taa, mwonyeshe simu. Mlinzi mmoja aliniuliza, nikamweleza, akabaki kutafuta na mimi.

Ninachokipenda kuliko vyote ni boksi lililo chini ya gogo, kando ya njia ya Green River. Binti aliacha humo kauri tuliyookota Bagamoyo, baada ya kuishika mkononi muda mrefu akifikiria. Jumamosi tulirudi. Kauri haimo. Mahali pake pana kifungo cha koti cha buluu, na kwenye daftari, mwandiko wa mtoto: "Nimechukua ganda. Linatoa sauti ya bahari."

Nyota tano.