Mashine ya kufulia ya matangi mawili: uzoefu wangu wa kuifufua na kuitunza

Mashine ninayoizungumzia ni ile ya mfuniko wa juu yenye matangi mawili, ambayo madukani wanaiita semi-otomatiki. Tangi la kushoto linafua, la kulia linakamua, na nguo unazihamisha mwenyewe kwa mkono. Ilikuwa ya shangazi yangu. Iliacha kukamua, ikasukumwa stoo kwake Tabata, na kwa miaka kadhaa kazi yake ikawa kubeba ndoo na madumu. Nimeifungua, nimebadilisha vipuri vinne, na sasa ndiyo inayofua nguo za nyumba nzima, za mtoto mchanga zikiwemo. Naandika kwa sababu mashine za aina hii zimejaa kwenye mastoo ya watu, na nyingi zimeuawa na kitu kimoja kidogo cha mpira.

Kuna watakaouliza kwa nini nisinunue otomatiki nikapumzika. Kwangu jibu la kwanza ni maji. Otomatiki nyingi zinataka presha ya bar 0.3 hadi 0.5 angalau ndipo vali yake ya kuingizia maji ifanye kazi vizuri. Tangi la plastiki likiwa juu ya mnara, kila mita moja ya kimo inakupa bar 0.1 tu. Kwa hiyo mwenye mnara wa mita mbili, na bomba limejaa kona njiani, otomatiki yake itakuwa inasubiri maji kutwa nzima mpaka aweke pampu. Ya matangi mawili haijali presha. Bomba likitoka kwa kudondoka, unajaza kwa ndoo, unafua. Siku ambayo maji hayatoki kabisa, yale ya kwenye mapipa yanatosha.

Jibu la pili ni kwamba ndani yake hakuna kadi ya umeme. Kuna mota mbili, kapasita mbili (vile vikopo vinavyoipa mota msukumo wa kuanza kuzunguka), taima mbili za springi, mkanda mmoja, breki moja na mipira. Kila kimoja unakiona kwa macho na kila kimoja kinauzwa peke yake.

Sasa ugonjwa wenyewe. Shangazi aliambiwa zamani kwamba mota ya kukamua imeungua, ndiyo maana akakata tamaa. Nilipoichomeka na kuzungusha taima, mota ilikuwa inavuma lakini kapu la ndani ya tangi la kukamulia halizunguki. Mota iliyoungua kabisa aghalabu haingurumi hivyo. Inakaa kimya, au inakata fyuzi, au inatoa harufu. Mvumo bila mzunguko una sababu tatu za kawaida: breki haijaachia, kapasita imechoka, au shafti, yaani ule mhimili unaozungusha kapu, imekwama kwa kutu. Nikachomoa plagi kwanza, maana hapa hakuna mjadala, mashine hii inakaa kwenye maji, halafu nikaanza na ya rahisi.

Breki ya tangi la kukamulia inaendeshwa na mfuniko. Ukifunga mfuniko, kebo nyembamba inavuta mkono wa breki na kuachia ngoma iliyo juu ya mota. Ukifungua, springi inairudisha na kapu linasimama. Miaka ikienda kebo inalegea, kwa hiyo hata mfuniko ukiwa umefungwa breki bado inagusa ngoma. Mota inapambana na breki yake yenyewe, inapata joto, na siku moja ndipo inaungua kweli. Namna ya kupima haihitaji kifaa: mfuniko ukiwa wazi, kapu lizungushe kwa mkono, linatakiwa ligome. Funga mfuniko, ingiza mkono kwa nyuma baada ya kutoa kibati, zungusha ngoma; inatakiwa ielee bila kukwaruza. Yangu ilikuwa inakwaruza. Nikavuta kebo kidogo kwenye tundu lake la kurekebishia, kukwaruza kukaisha, lakini shafti ikabaki nzito. Hapo ndipo nilipojua kwamba maji yameshafika chini.

Na maji yanafikaje chini? Shafti inapita katikati ya sakafu ya tangi la kukamulia, na kinachozuia maji yasiifuate ni sili ya mpira yenye mikunjo kama akodioni. Mota iko chini yake moja kwa moja. Sili ikichoka, kila unapokamua yanashuka matone machache yenye sabuni juu ya mota. Hutaona dimbwi sakafuni. Utasikia tu mlio unabadilika wiki baada ya wiki, kutoka mvumo laini hadi mkwaruzo, na mwisho kimya.

Nikafungua bolti inayoshika kapu kwenye shafti, spana namba 10 ilitosha, lakini kutu ilikuwa imeishika, ikabidi nipulizie mafuta ya kulegeza kutu na kuiacha usiku kucha. Asubuhi kapu likatoka. Sili ilikuwa imekauka hadi imekuwa ngumu kama soli ya kiatu, na kwenye mdomo wake, pale unapobana shafti, kulikuwa na pete nyeupe ya chumvi na sabuni. Nilipoipitisha ukucha ile pete ikamenyuka kwa vipande. Chini yake shafti ilikuwa na mchirizi wa kutu ulioshuka wima mpaka kwenye kofia ya mota.

Maji yetu ya kisima yana chumvi, na wengi wa Dar es Salaam wanajua hilo kwa kuangalia mabirika yao. Chumvi hiyo ndiyo inayofanya mdomo wa mpira ulike upesi, kwa sababu shafti inazunguka ikiwa imevaa msasa.

Kariakoo nilienda na sili ya zamani mkononi, na nawashauri wote mfanye hivyo. Muuzaji aliichukua, akanitolea tatu zinazofanana kwa mbali, akasema, "Dada, usiangalie upana wa nje tu. Tundu la katikati likizidi kidogo, utarudi kwangu mwezi ujao." Tukazijaribisha moja moja mpaka ikapatikana yenyewe. Pale pale nikachukua kapasita ya mota ya kukamua. Ya zamani ilikuwa imeandikwa maikrofaradi 5, volti 450, na ndiyo niliyoomba. Kapasita inabadilishwa kwa namba ileile ya maikrofaradi. Volti zikiwa zaidi si neno, zikiwa pungufu usikubali. Tahadhari moja ya lazima: kapasita inaweza kubaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa, kwa hiyo ncha zake mbili zinaunganishwa kwanza kupitia rezista (kipuri kinachopunguza makali ya umeme), bila kuzigusa kwa vidole.

Kabla ya kufunga nikaipima mota kwa mita. Kati ya nyaya za koili na mwili wa chuma hapatakiwi kusoma kitu chochote. Ikisoma, umeme unavuja, usiichomeke. Mpelekee fundi wa kusuka mota au tafuta nyingine. Yangu ilikuwa salama. Mota hii haina bering za gololi, ina bushi zenye kitambaa kinene kinachonyonya mafuta, nacho kilikuwa kikavu kabisa. Nikakidondoshea mafuta ya cherehani, nikawa nazungusha shafti kwa mkono, polepole, na unaisikia kabisa inalegea. Mafuta yasiguse ngoma ya breki. Kwenye mdomo wa sili mpya nikapaka grisi isiyoyeyuka kwa maji, nikaisukuma mpaka ikakaa sawa pande zote, baada ya kukisugua kiti chake kisibaki na punje ya chumvi.

Jaribio lake: mimina jagi la maji kwenye tangi la kukamulia, funga mfuniko ili breki iachie, zungusha ngoma kwa mkono mara nyingi, tandika gazeti kavu chini ya mota na uangalie. Likibaki kavu, funga. Mfereji wa kutolea maji inabidi uuzibe kwa muda ili maji yakae.

Upande wa kufulia ulinipa kazi ndogo. Vali ya kutolea maji ilikuwa haifungi vizuri, nguo zinafuliwa huku maji yanapungua. Ndani nilikuta kifungo cha shati na nyuzi nyingi, na mpira wake umepasuka, nikaweka mpya. Bomba la nje lilikuwa na nyufa, nalo nikabadilisha. Feni ya chini, ile sahani inayozungusha maji na nguo, ilitoka kwa skrubu moja ya katikati, na chini yake palikuwa na tope jeusi ambalo sitaki hata kulieleza. Hilo ndilo linalofanya nguo zitoke mashine zikinuka. Mkanda ulikuwa mzima, nikaukaza kidogo kwa kusogeza mota kwenye matundu yake. Kibati cha chini cha kuzuia panya kilikuwa hakipo, nikakata wavu wa chuma nikaufunga. Msiudharau wavu huu. Panya anapenda joto la mota, na waya aliouguguna juu ya sakafu yenye maji unaua mtu. Waya wa kijani na njano nao uhakikishe umefika kwenye pini ndefu ya plagi, na kwamba soketi yako ina ethi kweli, yaani waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja.

Matokeo? Inakamua vizuri mno, na kuna sababu yake. Kapu limekaa moja kwa moja kwenye shafti ya mota, kwa hiyo linazunguka kwa kasi ya mota yenyewe, ambayo kwa umeme wetu wa hezi 50 inafika kama mizunguko 1,350 kwa dakika. Otomatiki nyingi za mfuniko wa juu zinaishia karibu na 700. Suruali ya jinzi ikitoka humu, hata msimu wa masika, kabla ya jioni imekauka. Umeme nao ni kidogo: kibandiko cha nyuma kinasema wati 360 kwa kufua na 150 kwa kukamua, na ukifua dakika 15 na kukamua 5, uniti moja ya umeme wa LUKU inakufikisha karibu mafungu kumi ya nguo.

Kero zipo. Lazima uwepo. Huwezi kuiacha ukaenda sokoni, maana kufua, kumwaga, kujaza, kusuuza na kukamua vyote vinakungoja wewe. Kapu la kukamulia ni dogo kuliko tangi la kufulia, kwa hiyo fungu moja la kufua linakamuliwa mara mbili. Blanketi zito siliweki humo kabisa. Na jioni umeme ukishuka mota zinachoka vibaya: nguvu ya kuzungusha inashuka haraka kuliko volti, kiasi kwamba kwenye volti 180 badala ya 230 unabaki na asilimia 61 hivi ya nguvu. Ikianza kuvuma bila kuzunguka wakati huo, zima, usiilazimishe. Mimi nafua asubuhi.

Kwa upande mwingine, kuna jambo ambalo otomatiki haikupi: maji yaleyale ya sabuni yanafua zaidi ya mara moja. Naanza na nguo za mtoto na nyeupe, zinafuata za rangi, mwisho za kazini na madekio. Doti mpya za kanga zinafuliwa peke yake mpaka ziache kutoa rangi. Kwa mtu anayenunua maji kwa dumu, hapo ndipo mashine inajilipa.

Matunzo yangu si mengi. Sabuni ya unga naiyeyusha kwenye ndoo kwanza, na naweka kidogo; povu jingi linazuia kapu lisichukue kasi na linasukuma maji kwenye sili. Nguo nazipanga kuzunguka kapu, naweka kile kisahani cha plastiki juu yake, ndipo nafunga. Kapu likigonga ukuta, nasimamisha na kupanga upya, kwa sababu kugonga huko ndiko kunakopinda shafti. Taima naizungusha upande wa saa tu, sirudishi nyuma, ndani yake ni springi na meno madogo ya plastiki. Kila mwezi naijaza maji ya uvuguvugu yenye ndimu ya unga, naiacha izunguke, nailaza saa moja, namwaga na kusuuza. Ndimu au siki isikutane na jiki hata siku moja. Vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini, na mashine nyingi zinakaa bafuni penye dirisha dogo. Nikimaliza kufua naacha mifuniko yote wazi mpaka ndani pakauke.

Kama unataka kununua iliyotumika, nenda mchana umeme ukiwa mzuri, na ubebe jagi kwa lile jaribio la maji. Fanya lile jaribio la breki kwa mfuniko wazi na uliofungwa. Washa kukamua kapu likiwa tupu, usikilize: mvumo ni sawa, mkwaruzo ni bering au bushi, kugonga ni shafti iliyopinda, na hiyo ya mwisho iache. Halafu mwambie muuzaji afungue kibati cha nyuma, na hela isitoke mfukoni kabla hujamulika juu ya mota ya kukamua ukaona kama kuna mchirizi wa kutu.