Kibati cha Kukinga Koki ya Sufuria ya Bia: Kizuri, Ila Maelekezo Yake Usiyafuate

Karibuni tena kwenye chaneli. Leo kuna kitu kimeniudhi, lakini tuanze na kinachonifurahisha.

Hiki hapa. Kibati cha chuma kisichoshika kutu, kimekunjwa, kina tundu la koki ya nusu inchi. Kazi yake ni kukinga koki iliyo ubavuni mwa sufuria ya kupikia bia dhidi ya moto wa jiko la gesi. Unene na mng'ao mmeshaviona kwenye boksi, turuke.

Nawasha. Sufuria ni galoni 10, kama lita 38. Tazameni ubavuni: ndimi zinatoka chini ya kitako, zinapanda mpaka kwenye koki. Ndani ya koki mna tefloni, plastiki ya kuzuia uvujaji, inayovumilia nyuzi 260 hivi, na oringi (pete ya kuzibia) ya silikoni huanza kuchoka ikipita 200. Maji ya kimea, yaani bia kabla haijachachuka, yanachemkia nyuzi 100 tu, kwa hiyo kinachoua koki ni huu moto wa nje. Sasa naweka kibati... mmeona? Moto unagonga bati, unakwepa pembeni. Narudia, maana hapa ndipo penyewe. Bila bati. Na bati. Safi sana!

Sasa kero. Karatasi ya maelekezo inasema kibati kibanwe kati ya sufuria na oringi. Hapana jamani! Oringi ikae kwenye ukuta wa sufuria, ifuate washa (kile kipete bapa cha chuma), halafu kibati, mwisho nati. Ukikosea, vyuma vikitanuka kwa joto, maji yanachuruzika hadi jikoni. Na ule mkunjo uache nafasi ya sentimita 2 chini ya koki. Hewa hiyo ndiyo kinga. Mkunjo ukiigusa koki unaipelekea joto.

Kwenye uzi wa koki zungusha tepu nyeupe ya mafundi bomba mara 4, kufuata saa. Nati kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko kwa spana, basi. Ukizidisha, oringi inafyatuka nje. Jaza maji baridi lita 20, subiri nusu saa, pitisha tishu kavu kwenye maungio ya koki. Ikitoka kavu ndipo uwashe moto.

Wengi mnauliza kuhusu vibati vinavyonata kwenye sufuria kwa sumaku. Sufuria nyingi nzuri ni chuma kisichoshika kutu cha aina ya 304, sumaku haishiki, na joto huidhoofisha.

Bei? Inakaribia ya koki yenyewe. Hapo mapenzi yangu yanapungua, maana fundi wa mabati anakukatia hiki kwa dakika chache. Tena geuza tu sufuria, koki itazame upepo unakotoka. Ndimi zitalala upande wa pili, bure kabisa.

Wa Minnesota, kule kwenye baridi ya Marekani, mnaopikia gereji: mlango wazi hautoshi. Kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, haina harufu. Toeni jiko nje.

Video ijayo ni regyuleta za gesi (vidhibiti vya presha), bonyezeni kengele.