Uzoefu Wangu: Pete ya Uchumba ya Almasi kwa Bajeti Finyu, Baada ya Miezi 10 Kidoleni

Pete ninayoitathmini hapa imekaa kidoleni mwa mchumba wangu kwa miezi 10 sasa, muda ambao nadhani unaniruhusu kuisemea pete yenyewe pamoja na njia niliyopitia hadi kuipata. Ni almasi moja ya mviringo yenye uzito wa karati 0.90, rangi ya daraja la J, yaani yenye unjano hafifu, usafi wa daraja la SI1, yaani yenye kasoro ndogo zinazoonekana kwa kioo cha kukuzia, na mkato wa daraja la juu kabisa, iliyoshikwa na makucha sita juu ya pete ya dhahabu ya njano ya karati 14. Fedha zangu zilikuwa chache, wala sikutaka kuanza maisha ya ndoa nikiwa na deni la kito, kwa hiyo nilijiwekea kikomo kabla sijaingia duka lolote, nikakiandika kwenye karatasi na kuitia mfukoni, na mara mbili karatasi hiyo ndiyo iliyonitoa dukani nikiwa bado na akili zangu.

Kikomo hicho sikukipima kwa mshahara. Wapo walionieleza kwa uhakika mkubwa kwamba pete ya heshima hugharimu mishahara ya miezi 2, kana kwamba huo ni wosia wa mababu, ilhali ni hesabu iliyoenezwa katika karne ya 20 na matangazo ya De Beers, kampuni ya almasi ambayo kaulimbiu yake ya kwamba almasi ni ya milele ilibuniwa mwaka 1947. Sioni kwa nini muuzaji ndiye anipangie kiasi cha kumlipa.

Duka la kwanza nililoingia, ambalo sitalitaja jina, lilikuwa na taa ndogo kali zilizoelekezwa moja kwa moja kwenye kabati la vioo, na chini ya taa zile hata kipande cha chupa kingemeta. Muuzaji alinionyesha almasi ya karati 1.00 kamili na kulirudia neno "kamili" mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Nilipoomba tusogee naye hadi dirishani ili niitazame kwa mwanga wa mchana, alikataa. Nilipouliza cheti, alinipa karatasi nzuri yenye nembo ya duka lenyewe, yaani yeye anayeuza ndiye pia aliyepima na kutoa alama. Bei ilikuwa juu kidogo ya kikomo changu, akasema tofauti hiyo ningeweza kuilipa taratibu. Niliigusa karatasi mfukoni, nikashukuru, nikaondoka.

Kosa ambalo nusura nilifanye siku ile linahusu maana ya karati. Karati ni uzito, nayo ni sawa na gramu 0.2, kwa hiyo haikuambii jiwe litaonekana kubwa kiasi gani likiwa kidoleni. Jicho linaona upana tu, na almasi ya mviringo ya karati 1.00 iliyokatwa vizuri huwa na kipenyo cha takriban milimita 6.5. Mkataji akitaka kuhifadhi uzito wa jiwe ghafi ili lifike kwenye namba inayouzika, huliacha na kina kirefu chini na kiuno kinene, yaani ule ukanda unaolizunguka jiwe mahali lilipo pana zaidi, na mnunuzi hulipia uzito uliojificha mahali asipouona. Isitoshe, bei kwa kila karati huruka ghafla kwenye namba kama 0.50 na 1.00 kwa sababu wanunuzi wengi wanazitaka hizo hizo. Ile almasi "kamili" ilikuwa na kipenyo cha milimita 6.15. Hii niliyoinunua, ambayo ni nyepesi kwa sehemu moja ya kumi, ina milimita 6.22.

Niliinunua kwa sonara mzee aliyekuwa akifanya kazi katika chumba kidogo chenye dirisha kubwa. Aliweka almasi mbili juu ya karatasi nyeupe iliyokunjwa, akasogeza kiti changu karibu na mwanga, akasema, "Kijana wangu, usiniambie ipi ni kubwa. Niambie ipi unaitazama zaidi." Nilizitazama kwa muda mrefu, nikazigeuza kwa kibano alichonifundisha kukishika, kisha nikajibu, "Hii ya kushoto, mzee." Akacheka kidogo. Ya kushoto ilikuwa ya karati 0.90 na ya kulia ilikuwa ya karati 1.01, na kwa mizani ya macho yangu ile nyepesi ndiyo iliyoishinda nyingine kwa kila kitu.

Sababu ni mkato, na kama kuna jambo moja ambalo ningependa mwenye bajeti finyu alishike kuliko yote, ni hilo. Almasi ya mviringo ya kawaida ina nyuso ndogo 57 au 58, na kazi ya nyuso hizo ni kuupokea mwanga kutoka juu, kuurusha kutoka upande mmoja wa ndani hadi mwingine, kisha kuurudisha kwenye jicho. Marcel Tolkowsky, mhandisi kutoka familia ya wakataji wa almasi, alizikokotoa pembe zinazofaa kwa kazi hiyo mwaka 1919, na hesabu zake bado ndizo msingi wa mazungumzo ya wakataji hadi leo. Jiwe likiwa na kina kupita kiasi, mwanga huvujia pembeni na katikati huonekana kiza. Likiwa bapa mno, huonekana kama jicho la samaki, lenye duara la kijivu linalozunguka ndani ya uso wake. Kina cha jiwe langu ni asilimia 61.3 ya kipenyo chake, na nikiliinamisha kidogo tu dirishani, vipande vyeupe na vyeusi hubadilishana nafasi kwa mpangilio, kisha cheche za rangi hutoka mahali ambapo sekunde iliyopita palikuwa kimya. Hilo halikuwepo kwenye jiwe la duka la kwanza zilipokosekana taa, maana nililiona mara moja lilipopita kwenye kivuli cha mkono wa muuzaji, likapoa kama kioo cha dirisha.

Kwenye rangi niliokoa fedha nyingi bila majuto. Kipimo cha GIA, taasisi ya Marekani inayopima na kutoa vyeti vya vito, huanzia herufi D, yaani jiwe lisilo na rangi kabisa, na kushuka hadi Z, ambapo unjano ni dhahiri. Sonara aliligeuza jiwe la J kichwa chini juu ya karatasi nyeupe, kwa kuwa rangi huonekana vizuri zaidi kwa ubavuni, akaliweka kando ya jiwe la F. Hapo niliona tofauti: la J lilikuwa na joto hafifu, kama karatasi ya kitabu cha zamani kidogo. Alipoyageuza yote mawili yakatazama juu, nilishindwa kuyatofautisha, na alipoliweka la J juu ya pete ya dhahabu ya njano, hoja ikaisha. Mchumba wangu angetaka pete nyeupe pengine ningepanda hadi H, lakini kulipia herufi D kisha kuizungushia dhahabu ya njano ni kujilipisha mara mbili.

Usafi hupimwa kwa kioo kinachokuza mara 10, nami nilipewa kioo hicho nijitazamie. Ilinichukua muda kujifunza kukileta karibu kabisa na jicho na kulileta jiwe kwenye kioo, badala ya kufanya kinyume chake. Kisha nikaiona: nukta moja nyeusi karibu na ukingo, na pembeni yake vidoa viwili vitatu vyeupe kama vumbi la unga. Bila kioo, sikuona chochote. Kucha moja ya pete sasa imeifunika nukta ile, na mchumba wangu, ambaye anajua ilipo, hajawahi kuipata. Tahadhari niliyopewa ni kwamba madaraja ya SI hayafanani jiwe kwa jiwe. Moja lina nukta ukingoni, jingine lina wingu katikati linaloufifisha uso wote, na herufi kwenye cheti ni zilezile. Nisingenunua SI1 kwa picha moja tu.

Cheti cha jiwe langu kimetolewa na GIA, na namba yake imechongwa kwa leza kwenye kiuno cha almasi, ndogo kiasi kwamba bila kioo huwezi hata kuihisi. Tuliisoma namba ile kwenye jiwe, tukailinganisha na ya cheti, kisha na ya kwenye kumbukumbu za taasisi hiyo mtandaoni. Shughuli nzima haikuzidi dakika tano. Nilirudia kuisoma siku ya kuchukua pete iliyokamilika, na sonara hakuonyesha kuchukizwa hata kidogo, jambo ambalo lilinitosha kumpima.

Nilizifikiria kwa dhati almasi za maabara. Hizo si bandia: kampuni ya Marekani ya General Electric ilitangaza mwaka 1955 kwamba imefaulu kuzitengeneza kwa joto na shinikizo, na siku hizi huoteshwa pia tabaka kwa tabaka kutoka kwenye gesi, zikiwa na kaboni ileile na ugumu uleule wa almasi ya ardhini. Kwa fedha zangu ningepata jiwe kubwa zaidi na safi zaidi, na kwa mtu asiyejali asili yake ningemshauri aanzie huko moja kwa moja, akijua tu kwamba bei zake zimeshuka sana na kwamba kuiuza tena ni kazi ngumu. Sababu yangu ya kuacha haikuwa ya hesabu. Mchumba wangu aliwahi kusema, tukitazama picha ya pete ya rafiki yake, kwamba kinachomvutia katika almasi ni kukaa kwake ardhini zaidi ya miaka bilioni moja kabla ya kuonwa na mtu. Baada ya kauli hiyo sikuwa na la kuchagua. Kuhusu mahali ilikotoka, niliambiwa kuwa imepitia utaratibu wa Kimberley, mpango wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya almasi, ulioanza mwaka 2003, lakini utaratibu huo unahusu almasi ghafi zinazofadhili makundi ya waasi, hauzungumzii ujira wala hali za wachimbaji, na hapo sikupata jibu lililoniridhisha.

Moisanaiti niliitazama pia. Ni jiwe jingine kabisa linalofanana na almasi, gumu sana, na kile kifaa cha kupimia kwa joto wanachokitumia wauzaji wengi kinaweza kulia juu yake kana kwamba ni almasi. Cheche zake zilikuwa na rangi nyingi kuliko nilivyopenda.

Dhahabu ya karati 14 ni uamuzi ambao baadhi ya ndugu waliuona wa kibahili. Hapa neno ni moja lakini mambo ni mawili, kwa maana karati ya dhahabu haipimi uzito, inahesabu sehemu za dhahabu halisi kati ya 24, na muhuri wa 585 ulio ndani ya pete unamaanisha kwamba asilimia 58.5 ni dhahabu na iliyobaki ni metali nyingine zinazoipa ugumu. Ni rahisi kuliko karati 18, na kwa mtu anayefanya kazi kwa mikono yake siku nzima, haichubuki haraka.

Mahali nilipoharibu mwenyewe ni kwenye kipimo cha kidole. Niliazima kwa siri pete anayoivaa mkono wa kulia, nikasahau kwamba yeye hutumia mkono huo kwa kila kazi, na vidole vya mkono unaotumika sana mara nyingi huwa vinene kidogo. Siku nilipomvisha pete kushotoni ilizunguka yenyewe, almasi ikaangalia kiganjani, naye akaikunjia ngumi jioni nzima ili isidondoke. Sonara alikata kipande chembamba cha dhahabu, akaunganisha, akasugua hadi alama ikapotea, na hakunitoza kwa sababu kuipunguza au kuiongeza pete ukubwa kwa mara ya kwanza kulikuwa ndani ya makubaliano yetu ya maandishi. Ningechagua pete iliyozungukwa na vito pande zote, kazi hiyo ingekuwa ngumu, pengine isingewezekana.

Katika miezi hii 10 jiwe limefifia mara kadhaa, na kila mara kosa lilikuwa la losheni. Almasi hupenda mafuta. Migodini yamewahi kutumika mabamba yaliyopakwa grisi ili zinate humo huku mawe mengine yakisombwa na maji. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo na mswaki laini huirudisha hali yake kwa dakika chache. Mwezi wa saba kucha moja ilianza kukwaruza na kunasa nyuzi za sweta. Tuliirudisha siku hiyohiyo, ikakazwa, na hapo ndipo nilipofurahi kuwa nilichagua makucha sita badala ya manne.

Nimeipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya jambo ambalo mimi sikuliuliza na sonara hakulisema: kichwa cha pete kimekaa chini sana, na pete ya ndoa tunayoitafuta sasa, ikiwa imenyooka, haiwezi kukaa ubavuni mwake bila kuacha mwanya. Itabidi ichongwe yenye kupinda kidogo, kwa gharama ambayo haikuwemo kwenye karatasi yangu.