Ngalawa ya kukodi Mikindani: uliza maji kwanza, bei baadaye

Mwaka huu nimekodi ngalawa Mikindani mara mbili, na tofauti ya safari hizo ni mbingu na ardhi.

Mara ya kwanza nilikuwa na wanangu wawili. Kutoka Mtwara mjini ni kama kilomita 10 tu, kwa hiyo saa mbili na nusu asubuhi tulikuwa ufukweni. Kijana mmoja akatuwahi, tukaelewana 20,000, akapokea hela yote tukapanda. Usiku uliopita mwezi ulikuwa mpevu, lakini mimi mtu wa bara sikujua hilo linahusu nini.

Linahusu kila kitu. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bahari huwa na bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Siku hizo huku kwetu maji hutoka mpaka mnamo saa nne asubuhi, kisha hujaa mpaka saa kumi jioni, na kati ya kupwa na kujaa kina hupishana zaidi ya mita 3. Kila siku inayofuata saa husogea mbele karibu dakika 50. Sasa sisi tuliondoka maji yanatoka. Hata saa moja haikuisha, ngalawa imekaa kwenye tope karibu na mikoko. Tulirudi kwa miguu, tope magotini, na mwanangu mdogo akakatwa na chaza kisiginoni. Nilipomuuliza yule kijana kama hakujua, alisema, "Dada, si mlitaka kwenda?" Hela hakurudisha. Mpaka leo linaniuma, na si kwa sababu ya hela.

Julai mama yangu alikuja kutoka Dodoma. Hajawahi kupanda chombo cha majini maisha yake yote. Mama mmoja muuza ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa, ndiye aliyenielekeza kwa mzee mwenye ngalawa, nikampigia.

"Shikamoo mzee. Tunaweza kuja saa mbili asubuhi?"

"Marahaba mwanangu. Saa mbili hapana, maji yanatoka. Leo bamvua. Njooni saa nane."

Hapo hapo nikamwamini.

Asubuhi tukaizunguka Mikindani kwa miguu: Boma la Wajerumani la mwaka 1895, milango ya zamani iliyochongwa, mji ambao Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Mama alitazama, akashukuru, akarudi kwenye ming'oko. Alikaa kibarazani akiimenya mmoja mmoja kwa kidole, akichovya kwenye chumvi, akimuuliza yule mama inachimbwa porini wapi na msimu gani.

Saa nane maji yalikuwa yameshaingia. Ngalawa yenyewe ni gogo la mwembe lililochongwa, na matengo mawili ubavuni ya kuizuia isipinduke. Mzee alikunja gunia mara mbili, akaliweka katikati. "Kaa hapa mama, shika mlingoti, usitazame chini." Akapandisha tanga, demani, ile kamba ya kuongozea tanga, mkononi, usukani kaubana kwa mguu, na mkono wa pili anafua maji, yaani anayachota na kuyamwaga nje, kwa dumu lililokatwa. Mama alifumba macho mpaka tukapita mikoko. Alipoyafumbua, hakuuachia mlingoti, lakini alianza kuuliza maswali, na mzee akamjibu yote bila kuchoka: ule mtego unaitwaje, wale wanawake kwa mbali wanaokota nini, upepo huu unatoka wapi.

Wanangu walitaka tutoke nje ya ghuba. Akakataa. "Nje kusi inavuma. Humu ndani ndimo mwenu." Sikuongeza neno. Ghuba ya Mikindani imezungukwa na nchi karibu pande zote, na hata siku ya kusi ndani yake kunakalika.

Kasoro ninayo moja, na ni kubwa: jaketi okozi zilikuwa tatu na sisi watu watano. Nilimvalisha mama na watoto, mimi na mzee tukakaa bila. Nilimwambia waziwazi kuwa hilo halifai, akakubali. Ukienda, uliza idadi kwenye simu kabla hujatoka nyumbani, na kama unaweza kuazima, njoo na zako.

Tulishuka jioni maji yakiwa yamejaa mpaka karibu na barabara. Alidai 20,000 ile ile, na alidai baada ya kumshusha mama na kumfikisha mchanga mkavu.