Wiki tatu na mdoli: kozi ya maandalizi ya OSCE, nyota tatu na nusu

Nimefanya kazi leba miaka sita, hospitali ya kaunti huko Pwani, na siku ya kwanza ya kozi hii nikafundishwa kuosha mikono. Nilicheka kimoyomoyo. Kufikia siku ya tano kicheko kilikuwa kimekwisha.

Kozi inatolewa bure na hospitali iliyoniajiri, kaskazini mwa Uingereza, kwa nesi aliyesomea nje anayesubiri OSCE, mtihani wa vitendo anaopaswa kuupita ndipo NMC, baraza la uuguzi na ukunga la Uingereza, imsajili. Mtihani una vituo 10: vinne vya kumhudumia mgonjwa mmoja tangu kumpokea hadi kumkabidhi, vinne vya kazi za mikono, viwili vya kuandika kimya. Darasani tulikuwa wanane, Wakenya wawili. Mkufunzi ni mama wa Kerala, India, aliyewahi kuupita mtihani huohuo, na nyota mbili kati ya hizi ni zake peke yake.

Neno lake lilikuwa moja: "Sema!" Ukimgusa mdoli, yule anayeigiza mgonjwa, bila kutamka unachofanya, hukufanya. Sisi wadi ina wagonjwa arobaini na manesi wawili, utamhadithia nani? Huku unamwambia mdoli jina lako, unamwomba ruhusa, unamuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa, unalinganisha na kamba ya mkononi, unauliza kuhusu mzio. Pumzi unahesabu dakika nzima, si sekunde 15 mara nne. Kisha unajaza fomu ya NEWS2, ya kupima kama hali ya mgonjwa inazorota, unajumlisha alama, unaweka saa na saini. Saini niliisahau mara tatu. Siku ya dawa alinitega: mdoli ana mzio wa penisilini, na kwenye chati kumeandikwa amoksilini. Kidonge kilikuwa tayari kikombeni. Hakunigombeza, aliniuliza tu, "Sasa umemfanyaje?" Tangu siku hiyo kamba ya mkononi naisoma kwanza.

Mahali kozi iliponiangusha ni kutotueleza tunakotoka na tunakoingia. Mimi ni KRCHN, muuguzi wa afya ya jamii aliyesajiliwa Kenya: uuguzi wa kawaida, ukunga, magonjwa ya akili na afya ya jamii, vyote ndani ya stashahada moja. Nimechanja watoto chini ya mwembe, nimezalisha hadi nikaacha kuhesabu. Mwingereza huchagua mapema, watu wazima, watoto, afya ya akili au ulemavu wa kujifunza, na ukunga una kozi yake na sehemu yake kwenye rejista. Wanaoanza kusoma uuguzi England tangu 2013 wote husomea digrii, saa 4,600, nusu nadharia, nusu vitendo, na mwanafunzi akiwa wadini hahesabiwi miongoni mwa wafanyakazi wa zamu. Hapo nilibaki mdomo wazi. Mwaka wangu wa mwisho wa masomo nilikuwa nakesha wadini, mimi na sista mmoja, na asingeweza bila mimi.

Kwa hiyo leseni yangu huku ni ya watu wazima basi. Mama akishikwa na uchungu, mimi naita mkunga. Nililigundua hilo kwenye fomu, peke yangu, usiku. Wiki tatu nzima hakuna aliyetenga hata saa moja kutuambia, na kwa mkunga anayefikiria kuja, hilo ndilo swali la kuuliza kabla ya kukata tiketi.

La pili ni vile vituo vya kuandika. Walivipa Ijumaa moja, alasiri, watu wameshachoka. Mazoezi ya mdoli yalikula muda wote kwa sababu mdoli alikuwa mmoja na sisi wanane. Na mimi nilianguka palepale, kituo kimoja cha maadili ya kazi. Swali lilihusu mwenzio aliyekosea. Niliandika ningemwambia incha, yaani msimamizi, wa wadi, nikaweka kalamu chini. Kwetu ukishamwambia incha umemaliza. Wao walitaka pia usalama wa mgonjwa, fomu ya tukio, kumbukumbu za maandishi, na siri isitoke. Maswali ya namna hiyo ningefanyishwa matano tu yangetosha.

Nilirudia kituo hicho nikapita. Hospitali ililipa pauni 397 za kurudia. Garimoshi na chumba cha kulala usiku mmoja nilijilipia, jambo ambalo barua ya kazi haikulitaja.