Chanjo ya kichaa cha mbwa vijijini Mara: gari la mara moja kwa mwaka au mchanjaji wa kijijini?

Huduma ninayoitathmini hapa ni chanjo ya mbwa dhidi ya kichaa, inayotolewa bila malipo katika vijiji vilivyo magharibi mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, mkoani Mara. Kwa miaka mingi watoaji wake wamekuwa maofisa mifugo wakishirikiana na watafiti wa magonjwa yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa binadamu, na kwa sababu hiyo mwenye mbwa hupokea huduma na papo hapo huwa sehemu ya utafiti. Nimeipata kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile ya kituo, ambapo gari huja siku moja kwa mwaka na watu wakaleta mbwa wao. Ya pili ni ya mchanjaji anayeishi kijijini, ambaye huitwa wakati wowote. Dawa ni ileile na sindano ni ileile, ila kwa maoni yangu hizi ni huduma mbili zisizofanana hata kidogo kwa thamani.

Ugonjwa wenyewe hauhitaji maelezo marefu kwa mtu aliyekulia kijijini. Duniani unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote wakiwa wameupata kwa kung'atwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza kwa mgonjwa hakuna tiba ya kutegemewa. Aliyeng'atwa huokolewa na mambo mawili: kuosha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, na kuwahi chanjo ya binadamu kabla virusi havijafika kwenye ubongo. Chanjo hiyo haipatikani katika kila zahanati, dozi zake ni kadhaa, na zipo familia zilizouza mbuzi ili kuzikamilisha pamoja na nauli. Ukiweka gharama hiyo kando ya sindano moja ya mbwa, utaelewa kwa nini watafiti wamekazana na mbwa.

Kukazana huko kumezaa matunda yanayoonekana. Kampeni zilizoendeshwa wilayani Serengeti kati ya mwaka 1996 na 2001, ambazo matokeo yake yaliandikwa na Sarah Cleaveland na wenzake, zilipunguza matukio ya kichaa kwa mbwa kwa asilimia 70 baada ya awamu ya kwanza na kwa asilimia 97 baada ya awamu ya pili. Idadi ya watu wanaong'atwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa nayo ilishuka. Uchunguzi uliofuata, ukiwemo wa vinasaba vya virusi, umeonyesha kwamba hata katika eneo lenye fisi, mbweha na wanyamapori wengine wengi kiasi hiki, anayeuendeleza ugonjwa ni mbwa wa kufugwa. Jambo hili bado linabishaniwa sana vilabuni, ambako fisi ndiye anayebebeshwa lawama zote.

Sasa nije kwenye kituo. Siku ya chanjo meza huwekwa chini ya mti karibu na ofisi ya kijiji au uwanja wa shule, na kufikia saa tatu asubuhi foleni huwa imeshajaa watoto, maana katika nyumba nyingi mbwa ni wa watoto kuliko wa baba mwenye jina kwenye daftari. Wengine huja na kamba ya katani, wengine na kipande cha kanga, na wapo wanaombeba mbwa mabegani kama mwanakondoo. Mchanjaji huuliza jina la mwenye mbwa, jinsia ya mbwa na umri wake, huchoma mililita moja, huandika cheti, kisha mbwa hufungwa utepe shingoni. Kazi yote haichukui dakika tatu ikiwa mbwa ni mpole. Wanaoshika mbwa wanaijua kazi yao vizuri: humkalia mnyama upande wa nyuma, mkono mmoja ukiwa kwenye ngozi ya shingo, wala hawamfokei mtoto aliyemleta. Kwa ustadi na kwa heshima wanaistahili sifa.

Ule utepe wengi huuona kuwa pambo, ingawa ndio sehemu ya kitafiti iliyonivutia zaidi. Jioni ya siku hiyohiyo mtu mmoja huzunguka njia za kijiji akihesabu kila mbwa anayemwona, wenye utepe na wasio nao, na kutokana na hesabu hiyo hukadiriwa ni sehemu gani ya mbwa wote imefikiwa. Njia hiyo ni rahisi na ya ukweli, kwa sababu haitegemei maneno ya mtu yeyote. Ningependa makadirio hayo yabandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji, wenye mbwa nao wayasome.

Kasoro za kituo zinaanzia kwenye tangazo. Kwetu lilitolewa kwa kipaza sauti jioni ya kuamkia siku yenyewe, na waliokuwa mashambani walipata habari mbwa wa jirani wakiwa wameshavalishwa tepe. Umbali ni kasoro nyingine, kwa maana mtu anayeishi kwenye vitongoji vya pembeni hawezi kuburuta mbwa watatu mwendo wa saa nzima, mbwa ambao hawajawahi kufungwa kamba na wanaogombana na kila mbwa wanayekutana naye njiani. Marehemu Dkt. Magai Kaare na wenzake walilichunguza suala hili, na andiko lao la mwaka 2009 lilieleza kwamba kituo kinafaa katika vijiji vya wakulima wafugaji, lakini kwa jamii za wafugaji wanaoishi mbalimbali njia hiyo peke yake haitoshi. Hata ndani ya kijiji kimoja, naona, kuna sehemu ya aina ya kwanza na sehemu ya aina ya pili.

Kisha kuna watoto wa mbwa. Wenye mbwa wengi huwaacha nyumbani wakiamini kwamba sindano itawaua, na kituoni hakuna anayejua kwamba wameachwa. Mchanjaji wa kijijini hana shida hiyo. Alipokuja kwa jirani yangu, mzee wa makamo ya juu, alimaliza mbwa wawili wakubwa kisha akachungulia chini ya ghala.

“Mzee, na hawa wadogo je?”

“Hao bado, kijana wangu. Ngoja wakue.”

“Hawa nao wanachanjwa, mzee. Tena ndio watoto wanaocheza nao kutwa.”

Wote walichanjwa siku hiyo, bila mtu kuwabeba kwenda popote.

Lengo linalotajwa kila mahali ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa. Mbwa wa kijijini haishi miaka mingi, kwa hiyo katika mwaka mmoja waliochanjwa hufa na wasiochanjwa huzaliwa, na kinga ya kijiji hupungua mwezi hadi mwezi hata kama sindano aliyopata kila mmoja bado ina nguvu. Gari la mara moja kwa mwaka huijaza kinga hiyo siku moja na kuiacha ipungue siku zinazobaki. Gari likichelewa kwa sababu ya mafuta au bajeti, pengo huwa kubwa zaidi. Mchanjaji anayeishi hapo huijaza kidogokidogo mwaka mzima.

Kilichowezesha hilo ni uhifadhi wa dawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba chanjo ya Nobivac Rabies iliyokaa miezi 6 katika nyuzijoto 25 za selsiasi, au miezi 3 katika nyuzijoto 30, iliwapa mbwa kinga isiyopungua ile ya chanjo iliyotoka kwenye jokofu. Baada ya hapo watafiti, akiwemo Mtanzania Ahmed Lugelo, walibuni kihifadhio cha chungu cha udongo kinachotengenezwa nchini, ambacho hupoza kwa maji yanayogeuka mvuke na hakihitaji umeme wala barafu. Nyumba yoyote ya pwani au bara imewahi kuwa na mtungi wa maji ya kunywa uliofanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Hata hivyo chungu hakijitunzi: maji yanatakiwa kuongezwa kila mara, joto linatakiwa kuandikwa, na kikipasuka mchanjaji anarudi kutegemea jokofu la mbali.

Njia hii ya pili nayo ina mapungufu yake. Mchanjaji mmoja hawezi kumshika mbwa mkali na kumchoma kwa wakati mmoja, na mwenye mbwa asiye na nguvu hubaki bila msaada. Malipo yake hayaeleweki kwa wanakijiji, hivyo wapo wanaodhani wanatakiwa kumpa chochote na wapo wanaosita kumwita kwa sababu hiyohiyo. Ningeshauri maneno “bila malipo” yaandikwe kwa herufi kubwa kwenye cheti chenyewe. Tena atafutiwe msaidizi, hata wa siku mbili kwa mwezi.

Kama kijiji chako kina njia zote mbili, usisubiri gari. Mwite mchanjaji mara tu unapopata mbwa mpya. Kama gari ndilo pekee linalofika, muulize mtendaji tarehe mapema, andaa kamba, na wapeleke wadogo pia. Cheti kihifadhi mahali pakavu, ukijua kwamba hakimwondolei mtu aliyeng'atwa wajibu wa kuosha kidonda na kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani na utepe bado uko shingoni.